Kobe wa Logo na Hesabu za Duka: Majibu kwa Wanaoanza Kuandika Programu

Mzazi, Jinja: Lugha za kompyuta zilizo rahisi zilitungwa kwa ajili ya watoto?

Ya kwanza kuvuma haikuwa ya watoto. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth, Marekani, walimu wa hesabu John Kemeny na Thomas Kurtz waliunda BASIC kwa wanafunzi wote, hata wasiosoma sayansi. Kabla ya hapo ulitoboa amri zako kwenye kadi, ukazikabidhi, ukangoja majibu. Wao walitaka mwanafunzi aandike na kujibiwa papo hapo. Kwa mfano, mstari wa 10: PRINT "JINJA", yaani chapa neno hilo. Wa 20: GOTO 10, yaani rudi mstari wa 10. Jina la mji linateremka bila kukoma. Watoto walipata yao, Logo, mwaka 1967. Mmoja wa walioiunda, Seymour Papert, alizaliwa Pretoria.

Mwalimu, Arua: Shuleni kompyuta ni chache na umeme hukatika. Nifanyeje?

Toka nao uwanjani, Mwalimu. Logo ilipata umaarufu kwa kobe wake, roboti aliyetambaa sakafuni akichora kwa kalamu. Mtoto mmoja awe kobe, ashike kijiti. Mwenzake atoe amri: hatua tano mbele, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Mraba umechoreka mchangani. Sasa waambie wachore pembetatu yenye pande sawa. Wengi watasema "geuka nyuzi 60", maana ndivyo daftari linavyosema, na kobe atapotea njia. Usiwasahihishe haraka! Waache watembee wenyewe mpaka wagundue kwamba kobe hugeuka kwa pembe ya nje, nyuzi 120. Mimi naipenda dakika hiyo kuliko somo lolote la kompyuta, kwa sababu mtoto amejisahihisha mwenyewe kwa miguu yake.

Umeme ukirudi, wape Scratch, lugha iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Wanaunganisha vipande vyenye amri badala ya kuchapa maneno. Ina Kiswahili, na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti.

Kijana wa miaka 17, Mbale: Namsaidia mama dukani. Nianze na Scratch au Python?

Python, mdogo wangu. Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991 huko Uholanzi, baada ya kufanya kazi kwenye ABC, lugha iliyokusudiwa wanaoanza. Ndiyo maana inasomeka kirahisi, ingawa wataalamu nao huitumia kila siku. Leo jioni, ukishafunga duka, andika:

bei = 1500
idadi = 4
print(bei * idadi)

Ukiona 6000, badilisha bei iwe ya sukari yenu.