Moyo mpya, mabalungi na dozi ya usiku

SWALI: Shikamoo Bi Mfamasia. Mume wangu alipandikizwa moyo Chennai, India, mwaka jana. Anameza takrolimasi saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, pamoja na mikofenoleti na prednisoloni. Sasa ana nguvu, anashinda shambani, na anasema amechoshwa na vidonge. Anataka abaki na dozi ya asubuhi tu. Mama mkwe naye kaleta mizizi ya kuchemsha, eti inaongeza kinga. Halafu nimesikia balungi lina madhara kwa watu wa dawa hizi, naye tangu yaive analila kila siku. Nifanye nini?
Mama Watoto, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mizizi, maana hapo ndipo niliposhtuka. Mumeo hahitaji kuongezewa kinga. Kinga ya mwili wake inauona ule moyo kama mgeni aliyevunja mlango, na vidonge vyote vitatu kazi yao ni kuituliza. Ukimchemshia kitu cha kuiamsha, unamchochea mlinzi ampige mgeni wako. Mwambie mama, kwa adabu zote, kwamba dawa yake ni ya watu wengine. Sidharau vitu vya ardhini: takrolimasi yenyewe ilitokana na bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Ila hiyo tunaweza kuipima kwenye damu tukajua imefika ngapi. Mizizi ya sufuriani utaipimaje?

Dozi ya usiku asiiguse. Takrolimasi hiyo ya mara mbili imepangwa kwa saa 12, na akiruka usiku, kufika asubuhi damu imebaki na dawa kidogo mno. Asitegemee kifua kimuonye. Moyo huo mpya ulipotolewa kwa mwenyewe wa kwanza mishipa yake ya fahamu ilikatwa, kwa hiyo unaweza kushambuliwa bila kuuma. Ndiyo maana madaktari humpitishia waya kwenye mshipa wa shingo, wakachukua vipande vidogo vya nyama ya moyo kwenda kuvitazama kwa hadubini. Hizo nguvu anazojivunia shambani ni kazi ya vidonge anavyotaka kuviacha.

Kuzidisha nako ni hatari. Cape Town, Desemba 1967, daktari Christiaan Barnard alipompandikiza mgonjwa Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine, operesheni ilifaulu, lakini mgonjwa alifariki siku 18 baadaye kwa nimonia, kinga yake ikiwa imeshushwa na dawa. Takrolimasi ikizidi huumiza figo na kutetemesha mikono. Hili nalijua kwa aibu. Miaka ya nyuma nilimuuzia klarithromaisini ya kikohozi mtu aliyepandikizwa figo, wala sikumuuliza anatumia dawa gani nyingine. Kumbe naye alikuwa wa takrolimasi, na klarithromaisini huipandisha: siku chache baadaye mikono ilitetemeka, hakuweza kushika kikombe cha chai. Tangu hapo nauliza kila mtu, hata wakinuna. Nanyi mkiingia duka lolote la dawa semeni kwanza, msingoje kuulizwa. Flukonazoli ya fangasi nayo huipandisha takrolimasi. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya sana. Diklofenaki ya maumivu huongeza mzigo kwenye figo.

Balungi ulilosikia ni kweli. Kwenye ukuta wa utumbo kuna vimeng'enya vinavyoivunja takrolimasi kabla haijaingia damuni, na balungi huvizima, dawa ikapita nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Furungu na danzi ni ndugu zake, ayaache pia. Machungwa matamu ya kwenu ale, sitaki mkimbie Muheza.

Lakini asiache kimyakimya. Kama kipimo chake cha mwisho kilifanywa akiwa anakula balungi kila siku, huenda daktari alipunguza vidonge kulingana na namba hiyo. Balungi likiondoka, dawa itashuka, na moyo utabaki bila ulinzi. Pigeni simu kliniki leo, mtaje balungi, na muulize damu ipimwe lini tena. Siku ya kipimo aende hajameza dozi ya asubuhi. Aibebe mfukoni, aimeze akishatolewa damu.