Re: Intel ilishindwaje kwenye chipu za TV?
Mkuu, umeuliza imekuwaje Intel na mapesa yake yote ikazidiwa na Wataiwani kwenye chipu za TV za dijitali. Intel Januari 2004 walitangaza kwa mbwembwe chipu ya LCoS (aina ya chipu inayotengeneza picha) ya zile TV kubwa za projekta, kufika Oktoba wakaifuta, baadaye wakarudi na chipu za TV za intaneti, 2011 wakafunga kitengo. Trident, kampuni nyingine ya chipu ya Marekani, nao walichukua biashara ya chipu za TV na ving'amuzi ya NXP ya Uholanzi 2010, Januari 2012 wakafilisika.

Sasa hao Wataiwani, MStar na MediaTek, wao walikuwa wanampa mwenye kiwanda cha TV chipu moja inayofanya karibu kila kitu, kufungua video iliyobanwa ya MPEG, kurekebisha picha, sauti, plus mchoro wa bodi na programu tayari, yeye abadilishe logo na menyu tu. Fungua TV yoyote ya bei chee uone, kabodi kadogo, chipu moja chini ya hitisinki (kile kibati cha kupoza joto), basi. Bei hiyo Intel angeiwezea wapi?

Na 2012 MediaTek akatangaza kumnunua MStar, China ikakubali 2013 ila kwa sharti upande wa TV ubaki mbalimbali kwanza, maana hao wawili wakiungana viwanda vya TV vya China vingekamuliwa.