Mwanangu, Isimu Yako Inahitajika

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Umoja. Sote tu wazima, na babako anauliza kama joto la Mombasa limepungua.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Umesema umepata nafasi ya uzamili wa isimu hapa Nairobi, lakini wenzako wote wanakimbilia sayansi ya data, na mjombako amekwambia waziwazi kwamba lugha hazilipi kodi ya nyumba. Kisha ukauliza lile ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi: "Mama, huo utafiti wa vyuo vikuu unamfaa nani, ikiwa tasnifu zenyewe zinaishia kwenye rafu zenu kula vumbi?"

Rafu hizo ndizo kazi yangu, kwa hiyo nianze nazo. Baada ya mafuriko ya 2024, yale yaliyozoa nyumba za watu Mathare na Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, alikuja maktabani kijana anayesomea uhandisi wa ujenzi. Hakutaka vitabu vya saruji wala vya mitaro. Alitaka tasnifu za historia na jiografia, ajue ni nani waliishi kando ya mito ya Nairobi, tangu lini, na maji yalikuwa yakifika wapi kabla watu hawajajenga. Tulimtolea moja ya zamani, imepigwa taipu, ramani zake zimechorwa kwa wino na kukunjwa mara tatu ndani ya jalada la nyuma. Alizikunjua polepole zisichanike, akazipiga picha moja moja, akaanza kuzilinganisha na picha za setilaiti kwenye kompyuta yake. Hakuinuka mpaka tulipofunga. Aliyechora ramani zile alikuwa mwanafunzi wa sanaa, na leo mhandisi anazitegemea kupima mto utapanda hadi wapi.

Ndiyo maana sikubaliani na mjombako. Anaziona taaluma kama maduka yanayoshindania wateja, kumbe maswali makubwa ya nchi hii hayajali uko kitivo gani.

Chukua kazi iliyo karibu kabisa na yako. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene walikusanya hazina ya lugha inayoitwa Kencorpus: Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya, na huo Kiluhya kwa lahaja tatu, Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Walipata maandishi 4,442 na saa 177 za sauti. Kompyuta hujifunza lugha kwa kulishwa maandishi mengi, na Kiingereza kinayo ya kumwaga. Kijaluo je? Lazima mtu aende shuleni, kijijini na kwenye vyombo vya habari akakusanye, asikilize sauti na kuiandika, aamue tahajia ipi ifuatwe, kisha aonyeshe lipi ni nomino na lipi ni kitenzi. Mashine haiwezi kukisia kwamba neno moja la Kibukusu limebeba nafsi, wakati na mtendwa. Kutokana na habari za Kiswahili za hazina hiyo, watu walisoma makala moja baada ya nyingine wakitunga maswali na majibu yake, hadi yakafika 7,526, ili kompyuta ipimwe kama inaelewa inachosoma. Hao wenzako wa data, Neema, wakitaka kutengeneza kitu cha kumsaidia mama wa Bungoma kwa lugha yake, wataanzia kwa mtu kama wewe. Na asipokuwepo, watatengeneza cha Kiingereza tu.

Nchi yetu pia imerusha setilaiti. Ile ya kwanza, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu Mei 2018, ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, na Taifa-1 ikafuata Aprili 2023. Nilifurahi kama Mkenya yeyote. Lakini iliyonigusa zaidi ni habari ya huko huko Pwani uliko.

Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, watafiti wa Makavazi ya Kitaifa na wenzao wa nje walikuta shimo dogo lenye mifupa iliyolainika kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Hawakuichokonoa. Walilifunika bonge zima la udongo kwa plasta, wakalileta Nairobi, na baadaye likapelekwa Uhispania, ambako lilipigwa picha za mionzi na kufunuliwa chembe kwa chembe. Ndani alikuwa mtoto wa miaka kama miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Jinsi fuvu na pingili za shingo zilivyoinama ilionyesha kuwa kichwa kiliegemezwa kwenye kitu kama mto ambacho kilioza zamani, na mifupa ya kifua ikaonyesha kuwa alifungwa kitu mwilini. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na matokeo yalipotangazwa 2021 hapakuwa na kaburi la binadamu la kale kuliko hilo lililojulikana Afrika nzima. Wakamwita Mtoto. Mimi mzazi nikisoma hayo nakaa kimya kidogo. Umri wa kaburi ulipimwa na wanasayansi, lakini kujua maana ya kuwekewa mto wa kulalia ni kazi ya wanaosoma mila za watu.

Na hapo Mtwapa, umbali wa matatu moja kutoka kwako, Profesa wa akiolojia Chapurukha Kusimba amechimba miaka mingi. Mwaka 2023 yeye na wataalamu wa jenetiki wa Harvard walitangaza matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa, wengi wao pwani yetu na ya Tanzania, kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi walikuwa na asili ya Kiafrika hasa upande wa kina mama, na ya Kiajemi hasa upande wa kina baba, na kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Wazee wa Kilwa walikuwa wakisimulia habari za Washirazi, mababu waliotoka Uajemi, tangu enzi, na wasomi wengi wakazipuuza. Maabara imekuja kukuta masimulizi yana mizizi, na nani angejua la kuuliza kama masimulizi hayo yasingehifadhiwa na watu wa lugha na historia?

Sasa, huo utafiti unamfaa nani. Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Upo utafiti unaochukua na usirudishe: mtu anakuja mtaani na karatasi zake, anauliza watu mambo ya ndani ya nyumba zao, halafu haonekani tena. Huo nauchukia. Lakini tazama Mukuru. Wakazi, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Berkeley cha Marekani, walihesabu wenyewe na kuonyesha kwamba walilipia maji na umeme ghali kuliko mitaa ya wenye nafuu, tena kwa huduma mbovu. Wanasheria walifuatilia ardhi ni ya nani, wahandisi na wapangaji miji wakashughulikia maji, majitaka na barabara. Agosti 2017 kaunti ikaitangaza Mukuru eneo maalumu la mipango, na mashirika zaidi ya 40 yakaingia kuandaa mpango huo. Dhiki haijaisha, mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba. Hata hivyo barabara zimepita, na mabomba ya majitaka yameanza kufika penye mitaro wazi. Utafiti ule wenyeji waliushika tangu swali la kwanza, na ndio ninaotaka ufanye.

Pesa ni chache, usidanganyike. Sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013 ilitaka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na hatujafika hata nusu ya hapo. Kwa hiyo shika isimu yako, na jioni ujifunze programu za kompyuta kidogo kidogo, angalau uweze kuzungumza na wenzako wa data bila mkalimani. Mtafute msimamizi ambaye tayari anashirikiana na idara nyingine. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kiombe mapema, wengi hukwama hapo. Na kwenye pendekezo lako la utafiti andika mapema kabisa utawarudishiaje matokeo wazee utakaowarekodi, na kwa lugha gani.

Karo ya muhula wa kwanza babako na mimi tumeipanga, hiyo isikutishe. Mjombako nitazungumza naye mwenyewe Jumapili. Wewe nitumie rasimu ya pendekezo hata kama haijakamilika, niitafutie tasnifu za Kigiriama na Kidigo tulizonazo, na uniambie utafika lini ili nikuandalie chumba.

Akupendaye,
Mama