Shangazi, naanzia uwanja gani?

*Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Mwezi huu: michezo ya Dar es Salaam*

Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, nimehamia Dar kikazi kutoka Songea na nimepanga Chamazi. Nyumbani nilikuwa beki wa kushoto, tulicheza kila jioni. Hapa nikitoka kazini Posta nafika nyumbani saa 2 usiku, nimechoka. Jirani ananiambia Dar mpira ni wa kuangalia kwenye vibanda umiza, wa kucheza ni wa wenye pesa. Ni kweli? – Beki Tatu, Chamazi

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo jina. Najua namba 3 ni beki wa kushoto, lakini hapa mjini "beki tatu" ni dada wa kazi za ndani. Waulize wenzako ofisini kabla hujaliandika mgongoni kwenye jezi.

Sasa jirani yako. Huyo anaishi Chamazi na hajui Chamazi ni wapi. Azam, wenye ule uwanja wa watu 10,000 hapo kwenu, walianza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kiwandani, watu waliokuwa wanatoka zamu ndipo wanavaa viatu. Msimu wa 2013/14 wakabeba ubingwa wa Bara mbele ya Simba na Yanga. Uwanjani mwao hutacheza, lakini nimekutajia ili ukimpelekea jirani majibu uwe na la kusema.

Wewe unatafuta maveterani. Kwa kawaida ni miaka 35 kwenda juu; wa 34 anapokelewa akitaniwa kidogo. Kaka yangu alicheza na maveterani wa Tandika kwa miaka 11, na mimi Jumapili nilikuwa nampelekea maji, kwa hiyo haya nakwambia kwa niliyoyaona. Saa 12 asubuhi anafika mzee wa majivu. Amebeba ndoo na kopo lililotobolewa chini, anatembea kinyumenyume akichora mistari, na kila wiki boksi la upande wa barabarani linatoka kubwa kuliko la pili. Hakuna anayelalamika isipokuwa kipa. Halafu anakuja mweka hazina na daftari la kurasa 96 lililofunikwa gazeti. Wakati ule ilikuwa shilingi 2,000 kwa wiki: mpira, maji, dawa ya kuchua, kinachobaki kinawekwa kwa ajili ya misiba. Mama yetu alipofariki, watu wa kwanza kufika na turubai walikuwa hao, wengine bado wana soksi za mpira miguuni.

Utaingiaje? Usipige simu, usitafute fomu. Jumapili ulizia mafundi wa bodaboda wa hapo kituoni maveterani wanacheza wapi, nenda na viatu vyako ndani ya mfuko wa plastiki, simama pembeni. Salimia wazee. Usiseme ulikuwa mkali Songea. Kuna mtu atachelewa au atabana msuli dakika ya 20, na namba 3 haina wagombea wengi, wote wanataka namba 10. Ukishaingia, toa pasi. Baada ya mechi usikimbilie nyumbani, nenda nao kwenye supu, maana usajili unafanyika pale.

Siku za kazi je? Wenzako wa Posta lazima wana kundi linalochangishana kukodi uwanja mdogo wa nyasi bandia usiku, unalipiwa kwa saa, taa zinawaka. Ni mpira wa haraka na magoti yanauma, ila unaokoa muda wa foleni: mnacheza wakati wenzenu wamekwama barabarani.

Ndondo, yale mashindano ya mpira wa mtaani, nakukataza. Kaangalie tu, pale Bandari au Kinesi, watu wamekaa juu ya kuta na juu ya miti, na vijana wa ligi kuu wamekodiwa kimya kimya. Beki wa miaka 34 wa Songea wataondoka naye.

Shangazi, mimi na mjomba tumebishana mpaka tumenuniana. Yeye anasema Uwanja wa Taifa ndiyo Uhuru, mimi nasema Taifa ndiyo Mkapa. Nani sahihi? – Mpwa, Yombo

Wote, na wote mmekosea kukasirikiana. Mjomba wako anakumbuka uwanja wa zamani, ule ulioitwa Taifa tangu enzi zake, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa Desemba 1961. Ulipofunguliwa mpya wa watu 60,000 mwaka 2007, jina la Taifa likahamia kwa mpya na wa zamani ukawa Uhuru, ingawa sisi wa Temeke tunauita Shamba la Bibi. Mwaka 2020, baada ya Rais mstaafu Mkapa kufariki, mpya ukapewa jina lake. Makonda wa daladala wao bado wanaita "Taifa!" na kila mtu anashuka panapotakiwa. Mpelekee mjomba kilo ya sukari.

Binti yangu ana miaka 13, mrefu kuliko mimi, anataka mpira wa kikapu. Baba yake anasema amechelewa, na mimi naogopa jioni na wavulana. Tunaishi Sinza. Nifanye nini? – Mama wa Mrefu

Mama mwenzangu, kuhusu kuchelewa mwambie baba jina moja: Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, alianza kikapu akiwa na miaka 15, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika wachezaji wote wapya wa NBA. Sikuahidi Marekani. Nasema tu miaka 13 siyo uzee.

Nenda naye Don Bosco, Upanga, kwa Wasalesiani. Ukifika utasikia kabla hujaona: mipira kama 10 inadunda kwa pamoja kwenye sakafu ya saruji, na viatu vinapiga kelele. Timu ya Savio imelelewa pale. Au mpeleke Kidongo Chekundu, kile kituo cha vijana cha Jakaya Kikwete kilichofunguliwa mwaka 2015. Pana viwanja vya kikapu na vya soka la nyasi bandia, na watoto ni wengi, kwa hiyo hatakuwa peke yake.

Hofu yako siipuuzi. Nimecheza mpira wa pete timu ya ofisi kwa miaka 14 na nimeona makocha wa kila aina. Kwa hiyo mara 3 za kwanza ukae pale mpaka mwisho. Angalia mambo haya: kocha anawaita wasichana kwa majina yao au anawaita "we mrembo"? Kuna mwanamke mtu mzima kwenye benchi? Mazoezi yanakwisha saa waliyosema? Wanabadilishia wapi nguo? Likikukwaza lolote, mbebe mtoto uondoke bila kuaga, viwanja vya mji huu haviishi. Usiku asipande gari peke yake. Kwetu tulikuwa tunatembea kundi la wasichana 5 mpaka kituoni, na wa mwisho kufika kwake anapiga simu kwa wote.

Viatu usinunue vipya mwezi wa kwanza. Mitumba ya Karume inatosha, ila pinda soli kwanza: ikipasuka kwa mkono, uwanjani haitamaliza wiki.

Hivi shangazi, sisi wa Tandika tunaruhusiwa kuingia Gymkhana? – Mdadisi

Ni klabu ya wanachama. Unaingia ukiwa mwanachama au mgeni wa mwanachama, na uanachama una bei yake. Ndani kuna gofu, tenisi, kriketi. Kuna mlango wa pili ambao wengi wa uswahilini waliupitia, wa kubeba mifuko ya wacheza gofu, na baadhi ya waliobeba leo wanacheza kwa kulipwa. Kama ni gofu tu unalotaka kuona, uliza pia kiwanja cha jeshi pale Lugalo. Kama unataka kupiga picha, sema ukweli.

Shikamoo. Nina miaka 47, mwili umekuwa mzito, daktari kasema nitembee. Jimu naona aibu, navaa baibui, na nilishawahi kulipa nikaacha. Niende wapi? – Bi. Mzito, Mtoni

Marahaba mdogo wangu. Umeniuma hapo kwenye kulipa. Mimi kuna jimu moja nililipa miezi 6 kwa pamoja kwa sababu ya punguzo, nikakanyaga mashine yao siku 9, ya 10 nikakuta kufuli na karatasi ya "ukarabati". Ukarabati wenyewe mpaka leo sijauona. Lipa mwezi mmoja mmoja, hilo la kwanza.

La pili, huihitaji. Huko kwenu Jumamosi alfajiri huwasikii wale wanaopita wakiimba na kupiga makofi? Hiyo ndiyo jogging, na kwa Temeke na Mbagala karibu kila mtaa una klabu yake na fulana yake. Wanaokimbia wanatangulia, nyuma kuna mstari wa kina mama wanaotembea kwa kasi, na wa mwisho kabisa ni kijana mwenye kibendera chekundu anayezuia bodaboda. Huo mstari wa nyuma ndio wako. Wapo wa baibui, wapo wa dera na raba, yupo mmoja kwetu anatembea na kanga kiunoni na anatuacha wote. Kuimba si lazima, ila ukiimba hutasikia pumzi.

Siku za bonanza watakuomba fulana na mchango. Toa unachoweza, mwambie katibu ukweli. Daktari wako mwambie pia, na kama goti linavimba kama langu, punguza mlima.

Sisi tunatoka Mwembe Yanga saa 12 kasoro robo. Njoo na maji yako. Ya kwangu kaka alishanizoesha kuyagawa, hayafiki mwisho wa njia.