Iache zana yako iseme "sijui"

Wiki hii kijana mmoja wa Mwanza ameniandikia: "Shikamoo kaka. Natengeneza zana ya kutunza historia ya msimbo, nimefika kwenye kutafuta komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia) iliyobadilisha tabia ya programu. Nigawe nusu kwa nusu basi, au kuna zaidi?" Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mtu sahihi. Kazi hiyo niliifanya kwa mikono yangu, hata kama kwenye slaidi za kampuni niliyokuwa naifanyia utakuta jina la mwingine.

Kugawa nusu ni jambo la darasani: unajaribu komiti ya katikati, unatupa nusu isiyohusika, unarudia. Komiti elfu mbili zinaisha kwa majaribio kumi na moja hivi, na milioni nzima kwa ishirini. Hapo hapana ujanja.

Kwetu shida ilikuwa ankara. Jumla yenye VAT ilipishana kwa shilingi moja na ile ya mwanzo wa mwaka, mteja akaja juu. Wakubwa wakataka tugawane komiti, kila mtu asome za kwake moja moja. Nikawaambia niachieni mimi. Zana yetu ilikuwa ya kujitengenezea juu ya Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, haina utafutaji, nami nilikuwa nimeshaanza kuuandika bila kutumwa na mtu. Basi nikaumalizia. Ikapata: mtu alihamisha uondoaji wa senti kutoka kwenye jumla akaupeleka kwenye kila mstari wa ankara.

Utamu ulikuja baadaye. Mhasibu alitazama akasema hesabu mpya ndiyo sahihi, ya zamani ndiyo iliyokuwa inakosea! Sasa hapo "komiti mbaya" ni ipi? Ndiyo maana zana yangu haikuuliza uzuri na ubaya, iliuliza tabia ya zamani au mpya. Git nayo, tangu toleo 2.7 la mwaka 2016, inakubali `old` na `new`, au maneno yoyote utakayochagua mwenyewe. Mercurial, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, inatambua yenyewe upande upi umetangulia, kwa hiyo inaweza kutafuta komiti iliyorekebisha kitu vilevile kama iliyokiharibu. Kijana, kazi yako ni kuonyesha mahali tabia ilipogeuka. Hukumu waachie wenye ankara.

Nakuja kwenye ninaloona ndilo kubwa kuliko yote. Timu yetu ilikuwa na mazoea ya kuhifadhi kazi nusu nusu Ijumaa jioni, kwa hiyo komiti nyingi za katikati hazikujengeka kabisa. Programu isiyowaka huwezi kuiuliza habari za VAT. Ukiilazimisha zana ichague kati ya ndiyo na hapana, itaita kila kilichovunjika "mpya", itakwenda nusu isiyo yake na haitarudi tena. Itakuletea jina la mtu asiyehusika, kwa kujiamini kabisa. Lazima pawe na jibu la tatu.

Kwenye `git bisect run`, amri ya Git inayoendesha utafutaji huu yenyewe, jibu hilo ni namba 125. Skripti yako ya kujaribu komiti ikirudisha 0 ni ya zamani, 125 ni ruka, nyingine kuanzia 1 hadi 127 ni mpya, na zaidi ya hapo utafutaji unasimama. Ilichaguliwa 125 kwa sababu 126 na 127 zina wenyewe: sheli, programu inayopokea amri unazoandika, huzitumia kusema amri haiendesheki au haikuonekana. Mercurial ikiona 127 inasimama, na mimi naona ndivyo inavyopaswa, maana mtu akikosea herufi moja kwenye jina la skripti, hilo si ushahidi dhidi ya komiti yoyote.

Na ukisharuka, usiende kwa jirani. Jirani mara nyingi amevunjwa na kitu kilekile. Git huruka mbali kidogo kwa namna ya kubahatisha, nami niliiga hivyo hivyo. Mwisho wa safari kama zilizorukwa zimemzunguka mhusika, sema wazi: ni mmojawapo wa hawa wanne. Bosi wangu wa wakati huo alichukia sana jibu hilo. Alisema zana isiyo na uhakika haiuziki. Kisha akaipeleka kwenye mkutano wa wateja kama "ubunifu wa idara", mimi nimekaa nyuma kabisa naendesha projekta.

Tuyaache. Katikati usiitafute kwa tarehe, tarehe zinadanganya. Komiti ya Machi inaweza kuunganishwa Julai. Kwa kila komiti inayoshukiwa hesabu ina wazazi na mababu wangapi miongoni mwa washukiwa, uchague yenye idadi iliyo karibu zaidi na nusu. Hapo matawi ya historia hayatakusumbua. Jaribio linalopita leo na kuanguka kesho lirudie mara kadhaa kwenye komiti ileile, na majibu yakigongana, rudisha "sijui". Narudia kwa sababu vijana mnaona aibu kuandika zana inayokiri haijui. Acheni aibu hiyo. Andika pia kila jibu kwenye kumbukumbu inayoweza kuchezwa upya, kama `git bisect log` na `git bisect replay`, ili aliyejibu vibaya hatua ya tatu asianze moja.

Umeuliza pia kama jina la mwandishi wa komiti litokee juu kabisa ya matokeo. Hapana. Weka kwanza mistari iliyobadilika, halafu maelezo ya komiti. Kwetu jina lilipokuwa juu watu waliacha kusoma yaliyofuata, na yule wa senti alitaniwa mpaka akaomba kuhamishwa, ilhali hesabu yake ndiyo iliyokuwa sahihi. Jina liwe chini, kwa anayelihitaji.