Buti, Mwavuli na Kanga: Kununua Vya Mlimani Ukiwa Mgeni Tanga

Soli ya mguu wa kulia ndiyo iliyotangulia. Tulikuwa ndani ya msitu wa Amani, mvua imekatika muda si mrefu, njia imejaa tope na majani yaliyooza. Nilikanyaga, nikainua mguu, buti likaja na soli ikabaki topeni. Hatukwenda mbali, ya kushoto nayo ikaachia. Babu wa Kisambaa aliyekuwa akituongoza, yeye mwenyewe amevaa gambuti, akatoa kamba ya katani kwenye mkoba wake, akanifunga mabuti yote mawili kama anayefunga mzigo wa kuni. Alipomaliza akaiokota ile soli, akaifinya, ikamumunyuka mkononi kama mkate mkavu. "Mwanangu," akaniambia, "ngozi ndiyo nzima. Huku chini kulishaoza kabla hujanunua."

Nilishuka na kamba zile kwa karibu saa tatu. Mabuti yenyewe nilikuwa nimeyanunua mtumbani Ngamiani wiki mbili nyuma, nikiamini nimepata mali.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kazi ndiyo iliyonivusha Horohoro, na huu ni mwaka wa sita naishi Tanga. Bahari ni ileile, mbaazi za asubuhi ni zilezile, lugha ni hii hii, kwa hiyo mwanzoni sikujihesabu kuwa niko nchi ya watu. Ugeni niliuona siku nilipotaka kununua. Kwetu nilijua fundi yupi ananishonea bila kuniongopea na muuzaji yupi anakubali kiatu kirudi. Huku sikumjua mtu. Nilimwomba mama mmoja muuza nguo anionyeshe leso, akanitolea kitambaa cha kufutia jasho, kwa kuwa Tanga leso ni hicho. Niitayo leso mimi, wao ni kanga. Na pesa nazo: shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya kumi za Tanzania, kwa hiyo nikisikia elfu thelathini nilikuwa ama nashtuka na kuondoka, ama nagawanya harakaharaka kichwani na kuona kila kitu ni cha bure. Kilichoniponya ni kuacha kabisa kugawanya. Nikawa najiuliza, koti hili ni nauli ya kwenda Lushoto mara ngapi? Hapo bei inakaa mahali pake.

Milima pia nilikuwa sijaizoea. Aliyekulia Mombasa anajua mchanga na matumbawe. Tanga ina bahari mlangoni na Usambara nyuma ya nyumba: unapanda gari Kange asubuhi, kabla ya adhuhuri umeshapita Muheza unaukwea mlima kuelekea Amani, ukitaka Lushoto, unafika siku hiyohiyo. Kwa hiyo nawaandikia hasa wageni wenzangu, walioletwa hapa na kazi, ndoa au masomo. Nunueni kwa ajili ya mlima ulio karibu nanyi, si mlima wa kwenye picha. Picha nyingi za mtandaoni ni za theluji na mawe makavu. Usambara ya Mashariki ni joto, utelezi na mvua. Amani peke yake hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Wapo watakaokwambia Wasambaa wanapanda kwa ndala na katambuga, viatu vya nini? Wao wamezaliwa mteremkoni, nyayo zao zinalijua kila jiwe. Sisi wa mchangani tunahitaji kiatu, na kwenye kiatu ndiko pesa nyingi iende.

Babu alisema kweli kuhusu ile soli, ila sababu yake niliijua baadaye. Mabuti mengi ya mlimani yana matabaka mawili chini: mpira mgumu unaogusa ardhi, na juu yake tabaka laini linalopunguza mshindo. Mara nyingi tabaka hilo ni la poliyurethani. Unyevu wa hewani huivunja kidogo kidogo, na joto huiharakisha. Haijali kama kiatu kimevaliwa au kimelala ndani ya boksi. Baada ya miaka mitano hadi kumi, huwa imechoka. Sasa fikiria buti lililokaa kabatini Ulaya miaka mingi, likaja ndani ya kontena la joto, likatua kwenye unyevu wa pwani hii. Juu linang'aa, ndani limekwisha. Wengi hupindua kiatu, wakiona nembo ya manjano ya Vibram wanatulia. Mpira ule ni mzuri kweli. Mwitaliano Vitale Bramani aliubuni mwaka 1937, baada ya wenzake sita kufa mlimani mwaka 1935 wakiwa na viatu visivyofaa. Lakini nembo ni ya ule mpira wa chini. Juu ya tabaka la kati haisemi kitu.

Basi finya. Weka ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa soli, juu kidogo ya ule mpira, ubonyeze kwa nguvu. Tabaka zima hurudi lilivyokuwa. Likibaki na kovu, likitoa unga, likinata au likionyesha nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, rudisha kiatu mahali pake hata kama ni cha elfu tano. Kisha kikunje mara kumi, usione haya. Muuzaji muungwana hakukatazi. Mimi sasa ninaye kijana mmoja Ngamiani ambaye belo likifunguliwa na kuna mabuti, ananipigia simu, na yeye mwenyewe ameshaanza kuyafinya kabla sijafika.

Kiatu kikipita mtihani huo kinakwenda kwa fundi, siku ileile. Wa kwangu ni mzee anayekaa barazani na sindano yake, namwamkia shikamoo kabla sijafungua mfuko, na anashona soli yote kuizunguka kwa uzi wa nailoni. Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba uzi haushiki kilichooza. Tabaka likiisha ni kung'oa na kuweka soli nyingine. Yale mabuti ya Amani aliyawekea soli mpya ya mpira. Yamekuwa mazito, ila kwa safari fupi bado nayavaa.

Kipimo cha mguu nacho kimewaumiza wengi, kwa kuwa sokoni utakuta kiatu kimoja kimeandikwa 39, kingine 6, kingine 8, na vyote vinaweza kukutosha: namba za bara Ulaya, za Uingereza na za Marekani hazilingani. Acha namba. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa joto la siku, simama juu ya karatasi kisigino kikigusa ukuta, mtu akuwekee alama kwenye ncha ya kidole kirefu, upime kwa rula. Wa kwangu ni sentimita 24 na nusu. Nyuma ya ulimi wa buti mara nyingi kuna kijitambaa chenye namba zote, na sentimita zimo. Tafuta kinachozidi mguu wako kwa sentimita moja hivi. Nafasi hiyo ni kwa ajili ya kushuka. Nilishuka kutoka Irente, karibu na Lushoto, hadi chini Mazinde na buti lililonikaa barabara nilipokuwa dukani. Njia ile inaporomoka kweli, vidole vinagonga mbele kila hatua, na kucha zangu mbili kubwa zikawa nyeusi kwa miezi. Jaribu kiatu ukiwa na soksi utakazovaa mlimani, si miguu mitupu.

Kuagiza mtandaoni nilijaribu mara moja. Viatu vilitoka nje ya nchi, vikachukua wiki nyingi, nikalipia na ushuru, vikaja vidogo. Kuvirudisha kungegharimu karibu bei yake, na duka lenyewe halikujibu ujumbe wangu wa pili. Nikampa mdogo wangu wa Mombasa. Kitu cha kuvaa mguuni kama huwezi kukigusa, kiache. Tochi ya kichwani au chupa ya maji, agiza.

Kuhusu mvua nitasema jambo ambalo wauzaji wa makoti hawatalipenda. Makoti ya bei kubwa yanayosifiwa kwamba yanazuia maji na bado yanapumua, hupumua pale ambapo hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani ya koti. Amani, mvua ikinyesha, hewa yote ni mvuke. Jasho halina pa kwenda, na baada ya nusu saa ya kupanda umelowa kwa ndani. Watazame kina mama wanaokwenda gulioni: mwavuli. Kwenye njia pana za Amani na za msitu wa Magamba, kule Lushoto, nami natembea na mwavuli wangu, hewa inapita chini yake, nina raha. Koti jepesi la mvua liwe ndani ya begi kwa ajili ya upepo na njia nyembamba za vichaka. Ukilinunua mtumbani, lipindue. Kama bitana ya ndani inabanduka magamba au inanuka uchachu, unyevu umeshaila kama ulivyozila soli zangu.

Begi lenyewe halihitaji kuwa la kuzuia maji. Litandike ndani nailoni nene inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Lita 25 au 30 zinatosha kwa siku moja. Angalia mkanda wa kiunoni: uzito ukae kwenye mifupa ya nyonga, si mabegani. Mfuko wa juu weka kamba ya katani. Siku hizi sitoki bila hiyo.

Nguo za baridi ndiyo bahati ya mkazi wa Tanga. Huku hakuna anayetaka koti zito wala sweta, kwa hiyo belo likifunguliwa hubaki chini ya rundo na huuzwa kwa bei ya kuondolea. Lushoto, ambako Juni na Julai asubuhi watu hukumbatia vikombe vya chai, vitu hivyohivyo nilivikuta ghali zaidi. Nunua kabla hujapanda. Joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000, na Magamba juu ni zaidi ya mita 2,000, hivyo jasho lako la Tanga mjini lisikudanganye. Tafuta flisi, ile nguo ya manyoyamanyoya ya kiwandani, au sweta la sufu halisi. Zote zikilowa bado zinatia joto. Pamba ni rafiki yetu mjini, lakini mlimani ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote.

Dada zangu wanaojistiri wananiuliza sana hili, na maduka ya vifaa vya mlimani hayatuwazii. Dera linaburura tope na kunasa miibani. Baibui vivyo hivyo. Navaa suruali pana ya polista, juu yake kanzu fupi ya mikono mirefu inayofika magotini, nimeishonesha kwa fundi wa mtaani kwa kitambaa cha jezi za mpira, ikiwa na mpasuo pembeni ili nipige hatua ndefu. Mtandio wa kitambaa hichohicho, mfupi, wa kuvaa kichwani bila pini. Miguu ya suruali naiingiza ndani ya soksi, kwa kuwa siafu wa msituni hawana mzaha. Na kanga, leso yangu, haikosekani: shuka, taulo, pazia la kubadilishia nguo, mswala adhuhuri ikiingia. Ni pamba, kwa hiyo ikae ndani ya nailoni.

Anayekwenda Kilimanjaro, mita 5,895, asinunue Tanga vitu vya usiku mmoja wa baridi kali. Moshi wanakodisha makoti mazito na mabegi ya kulalia. Buti, soksi na nguo za ndani viwe vyako, vilivyokwisha kuzoea mwili wako Usambara. Na usipakie kila kitu: mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na mzigo wako uko mgongoni kwa mtu.

Ukirudi nyumbani usiyafungie mabuti kabatini. Osha tope kwa maji matupu, jaza magazeti ndani, yaanike kivulini penye upepo, kamwe si juani wala karibu na jiko. Yakikauka, yakae wazi. Na yavae, hata kwa kwenda sokoni Mgandini mara moja kwa wiki, na kila mwanzo wa mwezi finya soli tena ubavuni, zote mbili.