Maswali ya wasomaji: Mji kati ya magharibi na isha

Napiga picha za ghorofa za Posta, katikati ya Dar es Salaam, nikiwa ng'ambo ya maji, Kigamboni. Nafika saa mbili usiku taa zote zimeshawaka, lakini anga linatoka jeusi tii, madirisha meupe pee, na jengo halijulikani linaishia wapi. Nakosea wapi? (Msomaji, Kigamboni)

Umechelewa zaidi ya saa nzima. Picha nyingi zinazoitwa za usiku hupigwa anga likiwa bado na rangi. Ukingo wa jengo huonekana kwa sababu anga nyuma yake lina mwanga kuliko ukuta. Likishakuwa jeusi, ukuta na anga vinakuwa kitu kimoja, na ukirefusha muda wa shata (muda ambao kamera inabaki wazi kupokea mwanga) ili kuutoa ukuta gizani, madirisha yanaungua.

Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, ndiyo maana giza letu huingia upesi. Hesabu kwa adhana: magharibi jua limezama, isha mwanga wa mwisho umetoweka, kiasi cha saa moja na dakika kumi baadaye. Buluu unayoitafuta iko takriban kati ya dakika ya 15 na ya 35 baada ya magharibi. Dar es Salaam jua huzama karibu saa 12:20 mwanzoni mwa Novemba, lakini Februari hufika karibu saa 12:50. Ukikariri saa ya mwezi mmoja, itakuangusha mwezi mwingine.

Fika nusu saa kabla jua halijazama, funga stendi ya kamera, panga picha, kisha subiri. Weka ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi). Dakika ya 15 jaribu sekunde 1, halafu ongeza muda maradufu kila dakika nne au tano; utamalizia kwenye sekunde 15 hivi. Piga angalau fremu moja kila dakika. Taa za ndani hazibadiliki, anga ndilo linaloshuka, kwa hiyo zipo dakika chache tu ambazo viwili hivyo vinalingana, na huwezi kuzijua kwa macho. Rangi usiiachie kamera ijichagulie, maana itabadilisha fremu hadi fremu: weka kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3500 hadi 4000. Hifadhi kwa RAW, yaani faili ghafi lisilochakatwa na kamera.

Mahali ulipochagua ni pazuri. Ukiwa Kigamboni unautazama mji upande wa kaskazini-magharibi, na wekundu wa jua hubaki nyuma ya ghorofa, hasa Juni na Julai jua linapozamia kaskazini zaidi.

Nina stendi nzuri na bado picha za sekunde 10 hazitoki kali. Napigia juu ya daraja la waenda kwa miguu, nataka mistari ya taa za magari. (Msomaji, Nairobi)

Kuza picha kwenye kioo cha kamera na utazame taa moja ya mtaani iliyo mbali. Kama imechora kijistari kilichopinda kama mnyoo, kamera imetikisika. Kama imekuwa duara laini lisilo na ukingo, fokasi ndiyo mbovu. Tiba zake ni mbalimbali, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Kwa kutikisika, mshukiwa wa kwanza ni daraja lenyewe: kila lori likipita chini na kila mtu akikanyaga, chuma kinatetema. Sogea hadi juu ya nguzo, katikati ya daraja ndipo panapocheza zaidi. Usiinue mhimili wa kati wa stendi. Ukining'iniza begi kuongeza uzito, liguse sakafu kidogo, la sivyo upepo utalifanya pendulo. Zima kizuia-mtikisiko cha lenzi, na tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole chako kisihusike.

Kwa fokasi, zima ya otomatiki, kuza taa ya mbali mara 10 kwenye kioo, zungusha pete hadi nukta iwe ndogo kabisa. Usiizungushe tu hadi mwisho; lenzi nyingi hupita alama ya mbali sana.

Usipoteze sekunde 16 kwa kila jaribio. Jaribu kwa ISO 6400 na robo sekunde: mwangaza ni uleule wa ISO 100 kwa sekunde 16. Ukiridhika, rudi ISO 100. Na vua filta ya UV, kile kioo cha ziada mbele ya lenzi. Vivuli vya kijani vinavyoelea angani mkabala na taa kali mara nyingi vinatoka humo.

Jambo jingine la Nairobi: ukiitazama KICC, jumba la mikutano la katikati ya jiji, kutoka mtaa wa Upper Hill unaelekea mashariki, na anga la huko hufifia mapema. Anza dakika tano hivi kabla ya ile dakika ya 15. Ukiwa juu ya KICC ukitazama Upper Hill, una muda zaidi.

Nikishuka kwenye gari lenye kiyoyozi lenzi inaota ukungu, naifuta na unarudi. (Msomaji, Mombasa)

Kufuta hakusaidii, kioo bado ni baridi na hewa ya pwani imejaa mvuke. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa, begi likiwa nje, dakika 20 hadi 30. Ndiyo sababu nyingine ya kuwahi.

Je, simu inatosha? (Msomaji, Tanga)

Kwa buluu ya mapema, ndiyo. Iegemeze au ifunge kwenye stendi, gusa dirisha lenye mwanga, shusha mwangaza kidogo, weka saa ya sekunde 3. Usivute kwa kukuza, sogea.

Walinzi wananifukuza kila nikisimamisha stendi. Nina haki gani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Uwanja wa jengo la mtu ni wake, omba ruhusa kwa uongozi mchana, si kwa mlinzi wa zamu usiku. Ikulu, kambi za jeshi na bandari usizielekezee lenzi kabisa. Wa Kigamboni mlisikie hili zaidi, kwa kuwa Ikulu iko ng'ambo hapo karibu na kivuko: tumia lenzi ndefu kidogo, milimita 85 hivi, ubane ghorofa peke yake.